Pima Mlango Kwanza

Kochi lilikuwa zuri, tena zuri la kumtia mtu wazimu. Naanza na hilo ili asitokee mtu akadhani yaliyotupata siku ile yalitokana na kazi mbovu. Lilipinda kama ndizi, mgongo wake ulinifika kifuani, na kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimetiwa vifungo vya kuzama, safu kwa safu, kila kifungo mahali pake. Ukilitazama tu unajikuta unajipangusa nguo kwa nyuma kabla hata hujaamua kukaa.

Tangu asubuhi nilikuwa nalizunguka, nikinyofoa uzi hapa, nikipapasa pindo pale, moyo unanienda mbio kama mtoto aliyeahidiwa safari. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni seremala na ndiye aliyeunda fremu, alikuwa amekaa juu ya kopo la gundi anakunywa chai na kujisifu.

"Shemeji, siku nikifa nizikwe na kochi hili."

"Kaburi la ukubwa huo nani atalichimba?" nikamjibu. "Maliza chai yako, lori linakuja."

Tulicheka, na tulikuwa na kila sababu ya kucheka. Mwenye kochi alikuwa Mama Ukumbi. Ndivyo tulivyomwita, kwa kuwa alikuwa amejenga ukumbi mpya wa sherehe mtaa wa pili, na alasiri ile ile ndiyo alikuwa anaufungua. Kochi letu lingekaa pale pa kuingilia, ambapo kila mgeni angelipita na kila bibi harusi angelikalia apigwe picha. Na alikuwa ametuambia waziwazi kwamba likimpendeza, viti vyote vya ukumbi tutashona sisi. Viti vyote! Mimi niliyeanza mwaka nikishona mito ya majirani, tena kwa kubembeleza.

Ila kwangu kulikuwa na jambo kubwa kuliko viti. Mwaka ulikuwa unatimia wiki ile, na ukitimia mjomba angetoa hukumu.

Chumba tulichofanyia kazi kilikuwa sebule ya mjomba, kaka wa mama yangu, fundi mwashi aliyestaafu. Nilipoacha kazi katika kiwanda cha samani, na niliiacha kwa kelele, baada ya kumwambia msimamizi maneno ambayo hapa siyarudii, nilimwendea mjomba nikamwomba mahali pa kuanzia. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, wageni walikuwa wamepungua, na sebule haikuwa ikimkalisha mtu ila vumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichokonoa meno.

"Wewe, Pilipili, ufanye biashara?" akasema. Jina la Pilipili alinipa yeye nikiwa mtoto, na mpaka leo sijafanya lolote la kumfanya alibadilishe. "Biashara haigombi, mwanangu. Wewe unagombana hata na mlango ukichelewa kufunguka."

"Niache nijaribu, mjomba."

"Mwaka mmoja. Nikiona kazi, chumba chako. Nikiona mchezo, unanirudishia sebule yangu na unakwenda kiwandani kuomba radhi. Na ukuta wangu usiguswe. Hata msumari."

Huo ukuta lazima niueleze. Mjomba alijengea watu nyumba maisha yake yote, yake akaijenga mwisho, kidogo kidogo, mifuko ya saruji ikinunuliwa mmoja mmoja. Ukuta wa mbele, unaotazama barabara, ndio aliouanza. Mgeni akija, kabla hajapewa hata maji, anasimamishwa pembeni na kuambiwa afumbe jicho moja autazame ulivyonyooka. Timazi aliyoupimia, ile kamba yenye kipande cha chuma chini, ameitundika kwenye kabati chumbani kwake, karibu na picha ya marehemu. Kwa hiyo mwaka mzima nilining'iniza kila kitu changu kwa kamba kutoka darini: mikasi, vipande vya vitambaa vya kuonyesha wateja, mpaka pasi. Ukiingia ghafla unadhani umeingia buchani.

Basi mwaka ule ulinifunza, na mimi si mwanafunzi mwepesi. Nilijifunza kumeza maneno mteja anaponiambia kwamba binamu yake angemfanyia kwa nusu ya bei. Wa kwanza nilimwambia amfuate huyo binamu, naye akamfuata kweli. Nilijifunza kwamba ndani ya kochi kuukuu kuna dunia nzima: vitana, funguo, na safari moja meno ya bandia ya babu mmoja, ambayo familia ilikuwa imemsingizia mjukuu kwamba ameyaficha. Niliyaosha nikampelekea mwenyewe mkononi. Mzee alipoyavaa akacheka kwa sauti, na kabla mwezi haujaisha wanawe wote walikuwa wametuletea makochi yao. Nilijifunza pia kwamba kitambaa chekundu kinauzika kuliko chochote na kinarudishwa kuliko chochote, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Somo lililonipatia jina lilikuja mapema. Kochi letu kubwa la kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja anayekaa ghorofani. Tulilipandisha kwa mbwembwe, na kwenye kona ya ngazi likakwama. Halipandi, halishuki. Wapangaji wakawa wanaliruka, na mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akapita juu yake akituita mimi na shemeji kwa majina ambayo hatukupewa na wazazi wetu. Jioni ndipo tulipolinasua, na ilibidi shemeji alikate na kuliunda upya.

Toka hapo sikuanza kochi la mtu kabla ya kwenda kwake na futikamba yangu nikapima mlango, ujia, ngazi na kila kona. Watu walicheka mwanzoni. Halafu wakaanza kuambizana: nendeni kwa yule dada anayepima milango, kazi yake haikwami. Nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha ubao PIMA MLANGO KWANZA, nikakining'iniza ndani, juu kabisa ya mlango wetu, ili tusisahau kamwe.

Mjomba alikisoma kila alipopita. Na mwaka mzima hakukalia hata kochi moja. Nikimkaribisha, ananijibu, "Sikalii mali ya watu," anavuta kigoda chake. Iliniuma, sitasema uongo. Nilitamani akae hata mara moja tu, aone mikono yangu inafanya nini.

Lori lilipofika, Mama Ukumbi alikuwa mbele na dereva, ameshavaa gauni lake la sherehe, uso umepakwa poda. Aliingia, akaliona, akaweka mkono mdomoni.

"Jamani," akasema. "Jamani nyie watu! Lipakieni haraka kabla sijalia, poda yenyewe ghali."

Nilitaka kumkumbatia. Shemeji alishika ncha moja, mimi nyingine, dereva na jirani yetu fundi viatu wakashika katikati. Tukahesabu, tukanyanyua, tukaenda nalo mlangoni kwa vicheko. Pale likagota.

"Rudisheni nyuma kidogo," nikasema. "Ligeuzeni upande."

Tukaligeuza, likagota. Tukalilaza chali, likagota. Tukalisimamisha wima, dari ikakataa. Tukatanguliza ncha moja, ikatoka nje vizuri hata nikaanza kutabasamu, lakini ule mpindo wa katikati ukafika kwenye fremu ya mlango ukanasa. Ulizidi kwa shibiri nzima. Si kidole, useme tutasukuma. Shibiri.

Tukalitua, ncha moja ikiwa imechungulia barabarani. Shemeji alifuta jasho, macho yake yakapanda polepole mpaka juu ya mlango. Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa chekechea: "Pi-ma. Mla-ngo. Kwa-nza."

"Shemeji, nitakuua," nikasema.

Milango ya ukumbi nilikuwa nimeipima mara mbili. Nilipima hata geti, hata upana wa lori. Mlango wetu sikuupima, kwa sababu makochi yote ya nyuma yalikuwa ya kawaida na yalitoka bila shida. Hili, kwa kuwa zilikuwa siku za mvua na uani hapafai kazi, shemeji alilileta vipande vipande akaviunganishia humu humu ndani kwa gundi na skrubu. Vilikuwa vimeingia kimoja kimoja kama wageni wa sherehe, na hakuna kati yetu aliyejiuliza vitatokaje vikishashikana mikono.

"Mganga hajigangi," akasema Mama Ukumbi. Safari hii hakuwa anacheka.

Dereva akashauri likatwe katikati, likaungwe kule kule. Nilimtazama mpaka akatazama viatu vyake. Kitambaa alikuwa amekileta Mama Ukumbi mwenyewe kutoka safarini, na chote kilikuwa kimeishia pale. Ukikifumua kinabaki na matundu kama chujio. Fremu nayo ilikuwa imeshika gundi, haitengani ila kwa msumeno.

"Silitaki lenye kiraka," Mama Ukumbi akasema. "Ni siku ya kwanza ya ukumbi wangu, jamani. Litoke zima au libaki. Nina wageni alasiri, nikikosa hili nitaazima viti mahali pengine, na hao watakaoniazima ndio nitakaofanya nao kazi. Nieleweni." Alisema taratibu, bila ukali, na ndiyo maana nilishindwa hata kugombana naye.

Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba zaidi. Dirisha lilikuwa na nondo. Kati ya mlango na dirisha kulikuwa na kipande cha ukuta, na wote tulijikuta tunakitazama hicho bila kuambiana.

"Shemeji," shemeji akaanza. "Hicho kipande..."

"Usiseme."

"Sijasema."

"Usifikirie pia."

Wakati huo huo mjomba akatokea barabarani na mkate wake kwapani. Akakuta ncha ya kochi la kijani imetoka mlangoni kwake kama ulimi. Alizunguka nyuma, akapitia jikoni, akasimama sebuleni anatutazama mmoja mmoja. Niliona mwaka mzima unaniondoka: majira yale ya kuamka gizani, vidole vilivyotobolewa na sindano, meno ya babu, ngazi za mwalimu. Niliona geti la kiwanda na uso wa yule msimamizi akinisubiri. Niliogopa, na nikasema hivyo hivyo.

"Mjomba, naogopa. Nimepima milango ya mji mzima, wa kwetu sikupima. Kochi halitoki."

Akaweka mkate juu ya mashine ya kushonea. Akalizunguka kochi upande ambao angeweza kupita, akabonyeza hapa, akagonga mbao pale kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Halafu, mbele ya macho yangu, akajipangusa suruali kwa nyuma, akakaa. Alikaa kitako kizima, akaegemea, akafumba macho.

"Nani ameshona?" akauliza akiwa bado amefumba.

"Mimi."

"Fremu?"

"Mimi, mzee wangu," shemeji akasema kwa sauti ya mtu aliye mahakamani.

"Na kibao kile juu ya mlango nani aliandika?"

"Mimi pia," nikasema.

Mjomba akafumbua macho, akakitazama kibao, akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani ni hasira. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akatoa leso, akajifuta machozi, akacheka tena, mpaka na Mama Ukumbi akaambukizwa na poda yake ikaharibika. Kisha akasimama, akaenda chumbani kwake. Aliporudi alikuwa ameshika nyundo yake kubwa ya kuvunjia mawe.

Shemeji alirukia mbele ya kochi akatandaza mikono. "Mzee wangu, nipige mimi! Kochi liache!"

"Toka hapo, mkwe," mjomba akasema. "Lirudisheni nyuma mlifunike. Vumbi linakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikamshika mkono. "Mjomba, ukuta wako."

"Nauona."

"Tutafute njia nyingine."

"Ipo?"

Akaniondoa mkono, akaweka kiganja chake ukutani, kwenye kile kipande kati ya mlango na dirisha, akakiacha pale kidogo kama anayepima joto la mtoto. "Juu hapa nilipitisha boriti moja ya zege," akasema, "inavuka mlango na dirisha pamoja. Wenzangu walinicheka, wakasema napoteza nondo. Paa halitashuka." Akarudi hatua moja nyuma, akainua nyundo.

Pigo la kwanza ukuta haukujibu. La pili likaangusha plasta ya ukubwa wa sahani. La tatu, la nne, tofali limekaa tu linamtazama.

"Ni mwendawazimu gani aliyejenga ukuta mgumu hivi!" mjomba akafoka, na sijawahi kumwona mtu akifoka kwa furaha kama ile. "Mnaona? Mnaona saruji hiyo? Siku hizi mnapakwa unga wa mhogo mnaambiwa saruji!"

Watu walishaanza kujaa barabarani. Mama Ukumbi alisimama juu ya ngazi ya lori na gauni lake, anahimiza kama yuko uwanjani. Fundi viatu akaomba zamu, akapiga, akampa dereva nyundo, dereva akampa shemeji. Nondo za dirisha zikang'oka na fremu yake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na vumbi machoni, nalia au sivyo, hata sijui. Mjomba akachukua nyundo kutoka kwa shemeji, akaninyooshea mimi.

"Shika. Mwaka mzima nakwambia biashara haigombi. Leo gombana, Pilipili. Leo umepata wa kugombana naye."

Nikaishika. Jamani, nilipiga! Nilimpigia yule msimamizi, nilimpigia binamu wa nusu bei, nilipigia kila mto niliobembeleza kushona. Matofali ya chini ya dirisha yakalegea, yakalala chini moja baada ya jingine, na mwanga wa barabara ukaingia sebuleni ukatua juu ya shuka tuliyofunikia kochi. Watu wakapiga kelele. Sikujua kwamba kuvunja kitu kunaweza kumpa mtu raha namna ile, na mwenye nyumba yuko kando anakuelekeza pa kupiga.

Tukafunua kochi, tukanyanyua, tukatoka nalo. Lilipita bila kugusa kushoto wala kulia. Barabarani watu walipiga makofi kana kwamba tunatoa bibi harusi, na fundi viatu, ambaye hajawahi kutusifu hata siku moja, akaambia umati kwamba yeye ndiye aliyeshika katikati.

Kule ukumbini liliingia milango yote kwa ulaini, maana huko nilipima. Mama Ukumbi alilikalia yeye kwanza, na kila mgeni aliyeingia alimwelezea mwenyewe, kwa madoido, jinsi nyumba ya mtu ilivyovunjwa ili kochi lake litoke. Kila aliyesikia alitaka kukaa. Walipanga foleni, watu wazima na suti zao, ili wakalie kochi lililovunja nyumba. Kabla sijaondoka akanishika bega. "Wiki ijayo njoo upime kwa ajili ya viti," akasema. "Na kwako upime pia, tafadhali."

Nilirudi nikiwa juu juu kwa furaha, lakini nilipofika kona ya kwetu furaha ikapungua. Niliiona nyumba ya mjomba kwa mbali, ile nyumba iliyonyooka, na pengo katikati ya uso wake kama mtu aliyepigwa. Yeye alikuwa ameshafagia kifusi, amepanga matofali mazima upande mmoja na vipande upande mwingine. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakula mkate. Tukafunga turubai kwenye pengo. Hakusema lolote kuhusu mwaka, nami sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Kesho yake asubuhi nilifika mapema, nikakunja turubai pembeni ili nipate mwanga. Sikuwa nimewaza zaidi ya hapo. Lakini ile barabara ni ya watu wengi, na mwaka mzima walikuwa wakipita mbele ya ukuta ulionyooka bila kujua nyuma yake kuna nini. Sasa kila anayepita anageuza shingo. Anaona mashine, anaona marobota ya vitambaa, anaona mikasi inaning'inia, anaona kiti cha kinyozi nilichokuwa nakivisha ngozi mpya. Wakaanza kuingia. Kizuri chajiuza, lakini lazima kwanza kionekane. Kuna mama aliingia na kikapu, akapapasa kile kiti, akauliza bei ya viti vya kulia chakula, halafu akanitazama vizuri.

"Kumbe ni nyie," akasema. "Nyie wa kwenye ngazi."

"Ni sisi, mama. Siku hizi tunapima."

"Nasikia mnapima kweli," akajibu, akilitazama lile pengo, na tukacheka wote wawili hadi nyanya moja ikadondoka.

Nilikuwa bado nacheka mjomba alipotoka chumbani kwake. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, zile za zamani zilizokauka saruji magotini. Mkono mmoja ndoo na mwiko, mkono mwingine timazi. Kicheko kikaniishia. Nilijua anakuja kuziba. Ni ukuta wake, na mwaka umetimia, na chumba ambacho ukuta wake umesimama tena ni sebule.

"Mjomba," nikasema, "matofali nitanunua mimi. Na vitu vyangu nikitakiwa kuvitoa, nitavitoa bila kelele. Nakuahidi, bila kelele."

"Wewe, bila kelele," akasema, kama mtu aliyesikia kichekesho asichokiamini. Akaweka ndoo chini. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliovunjika, akapuliza vumbi. Shemeji, aliyekuwa anaingia na mbao begani, akasimama pale pale.

"Nakuuliza kama fundi," mjomba akasema, "na unijibu kama fundi. Kochi kubwa kuliko yote utakayowahi kuunda katika maisha yako litakuwa na ukubwa gani?"

Sikumwelewa. Nikasema, "Sijui, mjomba. Sijaliunda bado."

"Basi fikiria vizuri, kwa sababu mimi sijengi mlango mara mbili." Akachomoa futikamba yangu kutoka mfukoni mwa aproni yangu, akashika chuma cha mwanzo kwenye kona ya ukuta, na kasha lake akanipa mimi. "Pima."

Niliitazama ile futikamba mkononi mwangu, nikamtazama yeye, akapepesa macho haraka akajifanya vumbi limemwingia. Nikaanza kurudi nyuma kandokando ya ukuta, utepe ukitoka taratibu kwenye kasha lake. Nikapita mlango wa zamani. Nikapita dirisha lililong'oka.

"Hapo?" mjomba akauliza.

"Bado kidogo."

"Hapo?"

"Bado kidogo, mjomba."

"Mshikeni huyo!" shemeji akapaza sauti. "Atafika mpaka kwa fundi viatu!"

Mjomba alikuwa ameishika ile ncha ya futikamba pale kwenye kona kwa mikono miwili, ameikaza kweli kweli, na mimi nikarudi nyuma hatua nyingine.